Msomaji wa Matusi

Kazini walimwita Chujio, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilisema kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza, na kazi yake ilikuwa kusoma matusi. Si matusi yake. Ya watu.

Ilianza hivi. Gazeti lao lilipohamia mtandaoni, chini ya kila habari iliwekwa nafasi ya wasomaji kutoa maoni. Mhariri mkuu aliinadi nafasi hiyo kwa maneno matamu: baraza la wananchi, sauti ya msomaji, na kadhalika. Wasomaji wakaja kweli. Walikuja na sauti zao, na hasira zao, na mama za wenzao, na kabla ya mwezi kwisha lile baraza la wananchi lilikuwa mahali ambapo usingetaka mwanao apite hata akiwa amefumba macho.

Ndipo ikaletwa programu ya kompyuta ambayo wafanyakazi waliiita Mlinzi. Mlinzi alifundishwa maneno machafu yote ambayo watu wazima wa ofisi ile waliweza kuyakumbuka. Kikao cha kuyakusanya maneno hayo kilikuwa na vicheko vingi kuliko kikao chochote kilichowahi kufanyika pale. Hata mhasibu, mtu wa sala na soksi zilizopigwa pasi, alichangia matatu ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Kuanzia siku hiyo, maoni yasiyo na neno chafu Mlinzi aliyapitisha mwenyewe, yakatokea papo hapo bila kuonwa na mtu. Yenye neno chafu aliyazuia akayapanga foleni, na foleni hiyo iliishia mahali pamoja tu, mezani kwa Chujio.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, zamani stoo ya karatasi. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani kwa karibu sana, hata asubuhi na alasiri alizitambua kwa rangi ya ukuta ule. Alikuwa na birika la umeme, kikombe ambacho mkono wake ulikuwa umegundishwa, na mto wa kukalia alioushona mwenyewe baada ya kugundua kwamba kiti cha ofisi na mgongo wake havitapatana. Hapo alikaa kutwa, akisoma kila maoni kwa sauti ya chini, midomo ikitikisika. Alisema jicho ni rahisi kulihadaa, sikio lina ukaidi kidogo.

Lililokuwa tusi tupu alilifuta. Lakini palipokuwa na hoja ndani ya tusi, alitoa mfupa akaacha nyama: alikata lile neno, akaacha jambo lenyewe, akabonyeza, likapita. "Mtu mwenye hasira si kwamba hana la kusema," aliwaambia wageni wa kazi. "Analo. Ila hana subira ya kulivalisha nguo."

Walimuuliza kama hayamuumizi. Alicheka. "Akutukanaye hakuchagulii tusi, hilo nalijua. Lakini mimi hawanitukani mimi. Muuguzi akimwaga beseni la mgonjwa, naye anaugua?"

Hivyo ndivyo alivyoamini, mpaka siku alipokutana na Koki Inayovuja.

Ilikuwa chini ya habari ya uhaba wa maji. Mtu aliyejiita jina hilo la koki aliandika: "Mnauandika uhaba wa maji kama ugonjwa mpya. Sisi tulipanga foleni bombani jua halijatoka, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye alikuwa analala amesimama, nami nimemshika kola asianguke. Siku moja nilimwachia kidogo nijikune, akaangukia ndoo za watu, maji yote chini, tukakimbizwa mpaka nyumbani. Maji yalikuwepo. Mabomba ndiyo yalikuwa mabovu, na mpaka leo ni mabovu, na wanaoyasimamia ni wapumbavu wakubwa."

Chujio alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya. Aliyelala amesimama alikuwa yeye. Aliyejikuna alikuwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa mabomba na pampu, upande wa pili wa mji, na walikuwa hawasemeshani kwa miaka. Ugomvi ulikuwa wa mama. Mama alipozidiwa na maradhi, Chujio alimchukua akae naye ghorofa ya tatu, karibu na hospitali. Kaka mtu hakupenda. Alikuja kwa nadra, na alipokuja alikuja na lawama: mama amezoea kukaa nje aone watu wakipita, sasa amewekwa juu kama vyombo vya wageni. Siku ya mwisho aliyasema hayo mlangoni, hajavua hata viatu, majirani wakipanda ngazi na masikio yao. Chujio alikuwa ametoka kufua mashuka ya mgonjwa kwa mkono. Mikono ilikuwa bado inadondosha maji. Maneno yakampanda kichwani, akamfungia kaka yake mlango usoni. Mama alifariki kabla ya mwezi kwisha. Makaburini ndugu wawili walisimama pande mbili za kaburi moja, na tangu hapo hata salamu ikafa.

Sasa salamu ilikuwa mezani kwake, ingawa haikuwa imeandikiwa yeye. Alikata ile sentensi ya wapumbavu wakubwa, akaipitisha habari ya ndoo, akaenda kunawa uso.

Koki Inayovuja hakukoma hapo. Aliandika karibu kila siku, na juu ya kila kitu. Barabara mpya iliyobomoka kwa mvua ya kwanza: "Aliyeipima ni mpumbavu, na aliyemwajiri ni mpumbavu mwenye tai." Timu ya mpira iliyofungwa: maelezo marefu, ya busara kabisa, juu ya jinsi mabeki wanavyotakiwa kusimama kama mabomba yaliyonyooka, kisha mwishoni, bila sababu yoyote, golikipa akaitwa punguani. Hata chini ya habari ya mwanamuziki aliyefunga ndoa alitoa nasaha nzuri za ndoa zilizomtoa Chujio machozi, akazimalizia kwa kumwita mpiga picha mjinga.

Chujio alikata mikia hiyo kwa mkono mwepesi na kuyaacha mengine yapite. Kwa njia hiyo alijua kwamba kaka yake ana mafua, kwamba amepata meza mpya ya kazi, kwamba goti la kushoto linamsumbua, kwa sababu aliwatetea wazee wote wenye magoti chini ya habari ya ngazi za kituo cha treni. Alimjua akiwa na furaha na akiwa amenuna. Alijiona kama mtu anayesikiliza maongezi dirishani: anafaidi, lakini kwa aibu. Jambo moja tu lilimshangaza. Kaka yake hakuwa mtu wa matusi walipokuwa watoto. Basi akajiambia uzee humbadilisha mtu, na ulimi hauna mfupa.

*

Kisha zikaja habari kwamba nafasi ya maoni itafungwa.

Wenye matangazo walikuwa wamelalamika. Hawakutaka sabuni zao na magodoro yao yakae jirani na watu wanaogombana. Mhariri mkuu aliitisha kikao cha wiki iliyofuata, na korido nzima ikawa na maoni juu ya maoni.

Jioni ile Chujio alizungumza kwa simu na wifi yake, mke wa kaka. Wao wawili hawakuwahi kugombana. Walikuwa wakipigiana simu kisirisiri fundi akiwa karakana. Chujio alimdokezea habari ya kufungwa kama anavyodokeza mtu habari za kazi, bila kumtaja Koki Inayovuja, maana hakuwahi kumwambia kwamba anamjua. 

"Wifi," mke wa kaka akasema, "tulia nikwambie kitu. Lakini hukukisikia kwangu."

"Sema."

"Kuna mtu anaitwa Koki Inayovuja."

"Najua ni nani," Chujio alisema haraka. "Najua siku nyingi. Ila hayo matusi kajifunzia wapi?"

"Ndipo ninapokuja. Mimi nimeishi na huyu mtu tangu ana nywele. Nyundo ikimponda kidole anasema 'aisee', basi. Hayo matusi anakuandikia wewe."

"Ananitukana mimi?"

"Hee! Sikiliza kwanza, usiwe kama yeye. Unakumbuka uliwahi kunilalamikia, ukasema maoni safi yanapita yenyewe wala huyaoni, yanayokuja mezani kwako ni yale machafu tu? Nilimsimulia tukiwa tunakula. Akaendelea kutafuna. Kesho yake asubuhi akaniuliza, hivi 'mpumbavu' ni tusi la kutosha, au inabidi niongeze?"

Chujio alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikamgeuka, akajikuta analia kwa kwikwi kama mtoto, simu imebanwa sikioni. Miaka yote ile kaka yake alikuwa akimbishia hodi kwa neno pekee ambalo Mlinzi angelifikisha kwake. Naye alikuwa akilikata neno hilo kila siku, akilitupa.

"Njoo basi," wifi alisema. "Mtu mzima mwenzio amejishusha kwa kadiri anavyoweza. Na kadiri yake unaijua."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nitakuja tu."

Aliyewahi kuahidiwa "nitakuja tu" anajua siku hiyo haimo kwenye kalenda. Ndugu hawa walinyonya titi moja na kiburi kimoja, na kwa kiburi hicho ilikuwa rahisi zaidi kuendelea kama zamani: yeye atukane, mwenzake asome. Kilichotakiwa ni nafasi ya maoni ibaki. Basi Chujio akaanza kujipanga kuitetea.

Na hoja zilikuwepo, hakuhitaji kuzibuni. Daraja la miguu lilipopasuka, wa kwanza kusema alikuwa mtu wa maoni. Mzee mmoja aliyepotea alitambuliwa na msomaji kwa kovu la shavuni. Mwalimu mstaafu alikuwa akisahihisha hesabu za waandishi kila wiki, kwa upole wa kutisha. Kuna watu, Chujio alijua, ambao hawaulizwi na mtu yeyote mahali popote wanafikiri nini, na pale chini ya habari walipata pa kuziweka fikra zao. Hata kama fikra zenyewe zilikuwa mbovu, angalau ziliwekwa mahali.

Kesho yake, dada wa mapokezi alimletea mgeni.

Mgeni alikuwa mwoka mikate. Gazeti lilikuwa limeandika habari zake: mjane aliyefungua duka dogo la mikate nyumbani kwake, picha yake akiwa ameshika sinia, habari fupi na nzuri. Mapokezi hawakujua pa kumpeleka, wakamleta kwa anayesoma maoni. Alikataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti, akafungua simu yake na kuiweka mezani kwa utaratibu.

"Wewe ndiye unayesoma?"

"Ndiye mimi."

"Hebu soma haya."

Chujio alisoma, midomo ikitikisika. "Hongera zake, ingawa mikono hiyo pichani haionekani kama inafahamiana na sabuni." "Namwombea heri. Mimi nisingekula, lakini kila mtu na tumbo lake." "Samahani, naomba kuuliza tu, mumewe alikufa kwa ugonjwa gani?" Chini yake watu kumi na kitu walikuwa wamejibu swali hilo la kuuliza tu, kila mmoja kwa ugonjwa wake, wote kwa lugha safi, wengine kwa kumtaja Mungu. Hapakuwa na neno moja ambalo Mlinzi angelinyanyulia kichwa.

"Wateja wamepungua," mwoka mikate alisema. "Hilo nitalimudu. Lakini mwanangu wa kike anajua kusoma." Akaisogeza simu karibu na Chujio. "Uliyasoma haya kabla hayajatoka?"

"Hapana, mama. Haya hayakunifikia."

"Nani aliyasoma?"

Chujio alifungua mdomo aeleze habari ya Mlinzi, na foleni, na maneno yaliyokatazwa, akaona jinsi maelezo hayo yatakavyosikika. "Hakuna," alisema. "Hakuna aliyeyasoma."

"Basi mliweka tu."

"Tuliweka tu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya kitu. Hakupiga kelele. Chujio aliyafuta maoni yale mbele yake, moja baada ya jingine, akaomba radhi, akamsindikiza mpaka mlango wa nje, na wote wawili walijua kwamba kufuta ni rahisi kuliko kusahaulisha watu.

*

Kwenye kikao walikuwa wanne: mhariri mkuu, ambaye alikuwa mama mwembamba asiyependa maneno mengi; mkuu wa matangazo, fundi wa kompyuta, na Chujio, ambaye alikuwa hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote isipokuwa kile cha matusi.

Mkuu wa matangazo alitaka pafungwe, akatoa sababu zake. Fundi wa kompyuta alitaka pabaki, lakini alikuwa mtu mkweli. "Tatizo la yule mama wa mikate sijui nilitibu vipi," alisema. "Nimeangalia usiku kucha. Neno lililomuumiza ni 'sabuni'. Siwezi kuizuia sabuni."

"Na watu?" mhariri mkuu aliuliza. "Watu wa kusoma yote, safi na machafu?"

"Sita au saba. Kwa zamu."

"Hatuna." Mhariri mkuu alizungusha kalamu yake. "Mimi moyo wangu haupendi kufunga. Lile daraja, yule mzee, hayo nayakumbuka. Lakini mimi siyasomi. Anayeyasoma ni huyu." Akamgeukia Chujio. "Ukisema pabaki, nitapigania pabaki. Ukisema pafungwe, nitafunga. Sema."

 Chujio alikuwa amekuja na utetezi wake kamili, ameukariri bafuni. Neno moja tu, "pabaki", na kesho saa nne asubuhi Koki Inayovuja angemwita mtu fulani punguani, naye angesikia sauti ya kaka yake. Hakuna ambaye angejua. Alijaribu kulitoa neno lile, likakwama. Yule mama wa mikate alikuwa ameuliza nani aliyasoma.

"Mimi nayapenda maoni," alisema. "Nayapenda kwa sababu zangu, nisiwafiche, na sababu zangu si za gazeti. Nikiyakosa nitaumia. Lakini ukiwakaribisha watu nyumbani kwako, lazima uwepo sebuleni. Huwezi kuwafungulia, ukaenda kulala, halafu asubuhi ukashangaa nani kampiga nani. Kama hatuna watu wa kukaa sebuleni, tufunge."

"Unajua na kazi yako inakwenda?" mhariri mkuu aliuliza. "Nitakupeleka chumba cha picha, lakini hii inakwisha."

"Najua."

Tangazo lilitoka Jumatatu: nafasi ya maoni itafungwa Ijumaa, "kwa ushauri wa mfanyakazi wetu ambaye amekuwa akiyasoma kwa miaka mingi." Mhariri mkuu alidhani anamheshimu kwa sentensi ile. Wasomaji walifurika. Nusu wakasema afadhali, nusu wakasema gazeti linaogopa ukweli, na mmoja akauliza kama kuna mtu anauza godoro lililotumika.

Chujio alikaa akingoja foleni. Ilikuja ndefu kuliko siku zote, matusi ya kila rangi, mengine safari hii yakimlenga yeye kweli. Aliyasoma yote. Jumanne kaka yake hakuwamo. Jumatano hakuwamo. Alhamisi alifanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya: alitoka nje ya foleni yake, akafungua gazeti kama msomaji yeyote, akashuka chini ya lile tangazo, akashuka, akashuka.

Koki Inayovuja alikuwa ameandika siku ya kwanza kabisa, mstari mmoja. "Aliyezoea kufungia watu mlango, hashindwi kufunga na huu."

Halikuwemo tusi hata moja. Mlinzi aliupitisha bila shaka yoyote, na watu watatu walikuwa wameweka alama ya kuupenda, pengine wakidhani ni methali. Chujio aliusoma mstari ule kwa sauti ya chini kama alivyozoea, na ulipofika masikioni ulimchoma kuliko uchafu wote aliowahi kuumwaga. Kaka yake alikuwa ameandika bila kutaka umfikie. Alikuwa ameacha kubisha hodi.

*

Jumamosi alikwenda. Hakumpigia simu wifi yake, maana alijijua: angepiga simu, angesema "nitakuja tu".

Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba, paa la bati, mabomba ya plastiki yameegemezwa ukutani kwa ukubwa wake, harufu ya gundi na grisi. Fundi alikuwa ameifumua pampu ya mteja juu ya ile meza mpya. Nywele alizotajwa kuwa nazo zamani hazikuwepo hata kwa kusingiziwa. Mlango wa jikoni ulifunguka kidogo, wifi akachungulia, akaona, akaurudisha taratibu.

"Shikamoo, kaka."

Shikamoo haikataliwi hata na hasimu. "Marahaba," alijibu, bila kuinua macho.

Chujio alitafuta pa kukaa, akaiona ndoo iliyogeuzwa, akaikalia. Fundi alilegeza skrubu moja, akaiweka kwenye kifuniko, akalegeza nyingine.

"Umefunga," alisema.

"Nimefunga."

"Na ulijua ni mimi."

"Tangu siku ile ya ndoo za watu."

"Na matusi? Ulijua ni ya nini?"

"Hilo nimelijua juzijuzi. Wifi kaniambia."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni.

"Ukajua," kaka yake alisema polepole, "halafu ukafunga."

Chujio alimsimulia habari ya mwoka mikate tangu mwanzo, picha, sabuni, yule binti anayejua kusoma. Fundi alisikiliza huku akifuta gasketi, ule mpira wa kuzibia uvujaji, kwa kitambaa, akiirudia hapo hapo palipokwisha kuwa safi.

"Kwa hiyo kati yangu na mtu wa mikate, ukamchagua wa mikate."

"Nilichagua kuja," Chujio alisema. "Kule pangebaki wazi, nisingekuja. Ningekaa nakusoma mpaka mmoja wetu afe. Unanijua."

Hilo hakulibishia, maana alimjua, na alijijua.  Nje mtu alipita akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia, likalia mpaka likaishia mbali. Fundi aliivuta pampu karibu, akaisukuma tena. Aliposema, alisema akiwa ameielekea pampu.

"Siku ile. Mama alisikia?"

Chujio alielewa mara moja. Angeweza kusema hapana, mama alikuwa usingizini, na hakuna mtu duniani ambaye angemkosoa, maana ndani ya nyumba ile walikuwemo wawili tu na mmoja yuko kaburini. Miaka yote alikuwa amejiandalia uongo huo kwa siku atakayoulizwa.

"Alisikia."

"Mimi sikuondoka," kaka yake alisema. "Nilikaa hapo kwenye ngazi. Nikasema, huyu mdogo wangu ana hasira, lakini mama naye yumo ndani. Mama akinitaka ataita. Nikangoja." Aliokota bisibisi. "Hakuita. Basi nikajua na yeye amenichoka. Wewe ningekusamehe siku ile ile. Lakini mama kuninyamazia..." 

 Katika mahesabu yote ya Chujio juu ya ugomvi ule, nani alisema nini na nani alianza, hilo hakuwahi kulifikiria: kwamba kaka yake alijiona ameachwa na mama yao, na kwamba aliyesababisha ni yeye.

"Hakukunyamazia," alisema. "Aliita, kaka. Sauti ilikuwa haina nguvu tena, haikuvuka hata chumba. Alisema, mfungulie. Nikamwambia umeshashuka. Akasema tena. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nasikia unavyopumua, nikamwambia umeshashuka."

Fundi aliweka bisibisi mezani. Hakumfukuza, na hakusema amesamehe. Aliinamisha kichwa, mikono yenye grisi ikiwa imening'inia kwa sababu hakuwa na pa kuiweka, na machozi yakawa yanadondokea pampu ya watu. Chujio alikaa pale pale kwenye ndoo, akingoja atukanwe, na safari hii angelipokea neno lote, asikate kitu.

"Hebu sema tena," kaka yake alisema baadaye. "Sema kama alivyosema yeye."

"Mfungulie," Chujio alisema. "Mfungulie mwanangu."